Vidonge vilivyotupwa chooni

Jumanne iliyopita, baada ya laasiri, simu iliita nikiwa juu ya kigoda nashusha boksi la dripu. Nikatazama namba: mama mkwe wa mdogo wangu, wa Wete kule Pemba. Moyo ukanipasuka. Mama yule hanipigii miye. Katika miaka 11 tangu wamchukue mdogo wangu amenipigia mara mbili, na zote mbili zilikuwa za msiba.

"Masalkheri mama."

"Masalkheri mwanangu. Hamjambo huko? Watoto? Baba yao?"

Tukajuliana hali mpaka nikaridhika kwamba hapana aliyekufa. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayezungumza uani na wanaume wako barazani. "Mwanangu, wifi yake mdogo wako amejaaliwa Hija mwaka huu. Wenziwe wanamwambia kuna vidonge vya kuzuia siku, asije akaingia mwezini kulekule akashindwa kutufu, kuizunguka Kaaba. Nami nimeambiwa ni vilevile alivyokuwa akinywa mdogo wako. Jee, hapo dukani unavyo?"

Nikashuka, nikakaa juu ya kile kigoda. Maana mama huyu ndiye aliyevikuta vidonge vya mdogo wangu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akavitoa kimoja kimoja kwenye karatasi lake, akavimimina chooni.

Kwa wasionijua: nauza dawa. Duka si langu, nimeajiriwa, liko nyuma kidogo ya soko la Mwanakwerekwe, Unguja. Si dakta, na katika haya nitakayoyaandika pasitokee mtu akajipangia dozi. Lakini nimekaa nyuma ya kaunta miaka 16, na ukikaa nyuma ya kaunta unayajua ya watu kuliko hata kungwi wao.

Kila mwaka nina misimu miwili ya vidonge hivi. Wa kwanza ni Shaaban, wanapokuja wanaotaka kuifunga Ramadhani yote bila ya kuacha deni la kulipa. Wa pili ni Mfunguo Pili, msimu wa mahujaji. Hakuna anayetaja jina la dawa. Huambiwa "vile vya Ramadhani", au "vya Makka", au ananinyooshea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kama pana mwanamme dukani, mama ataagiza kwanza Panadol, kisha dawa ya kikohozi ya mtoto asiyekohoa, mpaka yule bwana atoke. Nina mteja mmoja ambaye nyumbani kwake hapakosi Panadol za miaka mitano kwa sababu ya aibu hiyo.

Dawa yenyewe ni norethisteroni, milligramu 5. Ni projestini. Projestini ni homoni iliyotengenezwa maabara kuiga projesteroni, ile ambayo mwili wa mwanamke huitoa wenyewe kila mwezi yai likishapevuka na kutoka. Na hapo ndipo panaponichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mama huyohuyo anayevitaka vya Makka, ukimtajia vidonge vya majira atakwambia astaghfirullah, vile vinaozesha kizazi. Basi vipo vidonge vya uzazi wa mpango ambavyo ndani yake mna norethisteroni hiyohiyo, 0.35 milligramu, kimoja kwa siku. Mwenye kuzuia siku zake kwa Hija hupewa 5 mara tatu, yaani 15 kwa siku. Ni zaidi ya mara 40. Anayeogopa tone ameliogelea bwawa zima na kurudi na tende na maji ya zamzam, wala kizazi hakikuoza. (Na msinigeuzie maneno: hivyo vya kuzuia siku havikutolewa kuwa kinga ya mimba, mtu asivitegemee kwa hilo.)

Hata ukitazama zilikotoka, dawa hizi ziliingia duniani kwa mlango wa hedhi, si wa kuzuia mimba. Norethisteroni ilipatikana Mexico City tarehe 15 Oktoba 1951, katika maabara ya kampuni ya Syntex, kwa mkono wa kijana wa miaka 26 aliyekuwa bado mwanafunzi, Luis Miramontes, chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz. Kidonge kimoja cha ukoo huu, Enovid, kiliruhusiwa Marekani 1957 kwa matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kukitumia kuzuia mimba ilikuja 1960. Kwa hivyo mtu akisema mdogo wangu "alitumia vidonge vya uzazi kwa kisingizio cha ugonjwa," historia yenyewe inamkatalia. Ugonjwa ndio uliotangulia.

Na malighafi yake? Viazi vikuu. Wallahi. Mkemia mmoja wa Marekani, Russell Marker, aligundua katika miaka ya 1940 kwamba kiazi cha mwituni cha Meksiko, jamii moja na hivi viazi vikuu tunavyovipika kwa nazi, kina kitu kinachoweza kugeuzwa maabara kuwa projesteroni. Kabla ya hapo projesteroni ilikuwa ghali mno, ikitolewa kwenye viungo vya wanyama kwa matone. Nilipomhadithia mdogo wangu aliuliza: basi mbona nisile viazi vikuu nikapona? Hapana. Tumbo la binadamu halina maabara ile. Kula viazi vikuu kwa utamu wake.

Sasa nimweleze mdogo wangu, na amenipa ruhusa, kwa sharti nisimtaje jina na niseme kwamba yeye ndiye mzuri kati yetu.

Alikuwa na miaka 34. Tangu usichana mwezi wake haukuwa na adabu: mara upotee miezi miwili, mara uje mara mbili. Baada ya mtoto wa pili ukaharibika kabisa. Damu siku 12, mapumziko wiki, kisha damu tena, na mabonge. Yeye ni mwalimu wa chuo, anasomesha watoto Kurani kwenye banda la uani kwake. Akawa anavaa buibui mbili, ya juu nyeusi na ya chini nyeusi, na hakai jamvini bila ya kutandika kanga chini yake. Mwisho akaacha kusomesha. Akaacha na kusali. Siku 40 hajasujudu, na hilo ndilo lililomliza zaidi ya ugonjwa.

Bibi yetu, Mungu amrehemu, alitusomesha haya tukiwa wasichana, na nikamkumbusha mdogo wangu kwenye simu: katika madhehebu yetu ya Shafi hedhi haizidi siku 15. Inayopita hapo ni istihadha, ni damu ya maradhi. Mtu hujitwaharisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila swala ya faradhi, husali na kufunga. Wanazuoni hawakuwa na altrasaundi, lakini walijua kwamba kuna damu ya kawaida na kuna damu ya ugonjwa, na kwamba hazina hukumu moja. Laiti kila kituo cha afya kingejua hivyo. Maana kituo kimoja, sikitaji, kilimpa vidonge vya kuongeza damu mara tatu katika miezi mitano, wala asitokee mtu akamuuliza hiyo damu inakwenda wapi. Pipa limetoboka chini, wewe unajaza maji juu.

Alipopanda boti kuja Unguja alikuwa ametoka kwenye harusi siku mbili nyuma. Nilimpokea bandarini, nikaishika mikono yake, na kitu cha mwanzo nilichokiona ni hina. Piko lilikuwa jeusi tititi, limekolea kupita kiasi, nikasema hee, mmepakwa na nani? Kisha nikatanabahi. Haikuwa hina iliyokolea. Viganja ndivyo vilivyokuwa vyeupe. Nikamshusha kope ya chini: nyeupe, kama nyama ya nazi.

Spitali wakampima, damu 6.8, chini mno. Akaongezwa chupa mbili, moja aliitoa mume wangu, mpaka leo anamdai kwa utani. Dakta aliyemshughulikia alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, lakini hana mchezo: kipimo cha mimba kwanza, altrasaundi, vipimo vya damu, kisha akachukua kijipande cha ukuta wa ndani ya kizazi kikapelekwa maabara. Hapakuwa na uvimbe, hapakuwa na saratani. Palikuwa na ukuta mnene na vifuko vya mayai vyenye vijiyai vidogovidogo vingi visivyopevuka.

Nilimweleza mdogo wangu usiku ule kwa mfano anaoujua. Sie tumekulia nyumba ya udongo, na kila mwaka baada ya masika tukikandika. Estrojeni ni yule anayekandika: analeta udongo, anabandika, anabandika, ukuta wa kizazi unanenepa. Projesteroni ni yule mzee anayekuja na kusema basi, sasa acheni ukauke, usawazisheni. Inaushika ukuta, unatulia. Mimba isipoingia, mzee anaondoka, ukuta unabanduka kwa mpango wake, ndiyo hedhi ya siku tano sita. Sasa yai lisipopevuka mzee haji. Wa kubandika anabandika tu, udongo mbichi juu ya udongo mbichi, mpaka unamshinda uzito, unaanguka vipande, leo hapa, kesho kule. Hayo ndiyo mabonge. Kumpa projestini ni kumleta mzee kwa nauli.

"Mzee mwenyewe mchungu," alisema baada ya kukimeza cha kwanza.

Alipewa norethisteroni 5, mara tatu kwa siku, siku 10, pamoja na za kuongeza damu. Siku ya pili ikapungua. Siku ya tatu ikakauka. Alitoka msalani analia, nikadhani kuna jambo, kumbe ni furaha. Siku ya nne akarudi Pemba na vidonge 20 na ushei kwenye mkebe wa maziwa, chini ya kitambaa.

Mama mkwe akaukuta mkebe akitafuta sukari. Vidonge vidogo, vyeupe, kwenye karatasi la fedha: kwake yeye vitu vya namna hiyo ni vya aina moja tu. "Kumbe ndiyo sababu sipati mjukuu wa tatu!" Maelezo hayakusikilizwa. Choo ni cha shimo, hakirudishi kitu.

Siku mbili baadaye, saa nane za usiku, simu. Damu imerudi, na imerudi kwa hasira kuliko mwanzo. Hapo nami nilitetemeka, ingawa sababu nilikuwa naijua. Ukimwondoa mzee katikati ya kazi, ukuta wote unaanguka kwa pamoja. Hata ukimaliza dozi damu huja, siku mbili mpaka nne baada ya kidonge cha mwisho, na ile ndiyo inayotakiwa. Lakini yeye alikatishwa siku ya tano, mwili haujapata nguvu. Nikampigia dakta asubuhi, akasema aanze upya leo hii, na ikizidi kujaza pedi moja kila saa asingoje, aende spitali. Boti ya asubuhi nikampa mtu pakiti mpya. Safari hii mume wake alizipokea mwenyewe Mkoani na akaziweka kwenye kabati lake la nguo, na ufunguo mfukoni. Kabla ya hapo aliniuliza, kiume, bila ya kuzunguka: "Shemeji, hii ni uzazi wa mpango au si uzazi wa mpango?" Nikamwambia: ni ukoo mmoja na hizo, lakini mkeo kapewa asife. Akasema, basi yatosha.

Akamaliza siku 10. Akasubiri. Siku ya tatu damu ikaja, nzito, akanipigia tena usiku (mdogo wangu hajui mchana), nikamwambia hiyo ndiyo, ihesabu. Siku ya sita ikakatika yenyewe. Siku ya saba akakoga, akasali, akawaita watoto wa chuo.

Tangu hapo dakta alimhamishia medroksiprojesteroni, milligramu 10 kwa siku, siku 10 za kila mwezi, ili ukuta usirudi kunenepa. Hilo la kunenepa si la kuchezea. Ukuta unaokandikwa miaka na miaka na estrojeni peke yake, bila ya projesteroni, unaweza ukageuka mwisho wake kuwa saratani. Ndiyo sababu hata wanawake waliokoma hedhi wanaopewa estrojeni kwa ajili ya joto na jasho, kama kizazi bado wanacho, hupewa na projestini ya kukilinda. Na hivyo vya siku 10, kwa taarifa ya mama mkwe, havizuii mimba. Mdogo wangu akitaka wa tatu atapewa dawa nyengine ya kupevusha yai. Bado hajataka.

Nisije nikaonekana wakala wa makampuni. Na miye nina kesi yangu na ukoo huu.

Baada ya mtoto wangu wa tatu nilidunga sindano ya miezi mitatu, Depo, milligramu 150 za medroksiprojesteroni kwenye msuli. Ya kwanza ikanipa matone wiki sita, si hedhi si twahara, nikachoka na pedi. Kisha ikakauka kabisa. Shangazi yangu wa Jang'ombe akaingia khofu: "Damu hiyo inakaa wapi? Itakupanda kichwani." Haya maneno nayasikia dukani kila wiki, kwa hivyo niyajibu mara moja: haikai popote. Ukuta haukukandikwa, hakuna cha kubanduka. Mtu aliyekauka hedhi kwa sindano hana ndoo ya damu tumboni.

Kesi yangu si hiyo. Kesi yangu ni kwamba nilipoacha, kwa kuwa tulitaka wa nne, hedhi haikurudi miezi tisa. Hapana aliyeniambia. Niliamini nimejiharibu, na nikaanza kuyasadiki yale yale ninayowakanya wateja. Baadaye nikasoma: kwa sindano hii kuchelewa ni kawaida, kwa wastani wanawake hushika mimba kiasi cha miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine mapema, wengine mpaka mwaka na zaidi. Wa nne anakwenda darasa la pili sasa. Lakini ile miezi tisa ya kulia chini ya chandarua, aliyenidunga angeliweza kuniondolea kwa sentensi moja. Na angenitajia pia kwamba mifupa hupungua uzito kidogo ukiwa kwenye sindano, na hurudi ukiacha. Mtu mzima hukubali jambo akiambiwa. Akifichwa, ndipo anapokwenda kuuliza barazani.

Vijiti vya mkononi vina projestini vilevile, vile viwili vya levonojestreli kwa miaka mitano, na kile kimoja cha etonojestreli, ambacho mwanzo kiliidhinishwa kwa miaka mitatu, na ukivitoa uzazi hurudi haraka, si kama sindano. Anayetumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, au dawa ya VVU yenye efavirenzi, amwambie anayemwekea, kwa sababu hizo huvunja nguvu za vijiti. Kuna na kitanzi chenye levonojestreli, ambacho kwa damu nyingi ya hedhi ni miongoni mwa tiba bora zilizopo, kuliko hata vidonge alivyopewa mdogo wangu. Na kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, levonojestreli milligramu 1.5, ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Hicho waombaji wake ni wanaume zaidi, Jumatatu asubuhi, na wao hawanunui Panadol kwanza.

Wengine huja kutaka "vya kushikilia mimba". Hao huwa sina raha nao, maana anayekuja keshaona damu na roho iko mkononi. Projesteroni hutumika, ndiyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2019, wa wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa na damu mwanzo wa mimba, ulionesha kwamba kwa jumla yao tofauti ilikuwa ndogo, lakini aliyewahi kuharibu mimba kabla, hasa mara nyingi, alipata faida kwa projesteroni ya kuweka ukeni. Yaani si kila damu na si kila mtu. Na mimba nyengine inayoharibika imeharibika kabla ya damu kuonekana, hapana kidonge cha kuirudisha. Siuzi. Namwita bodaboda, namwambia nenda spitali sasa hivi.

Mmoja zaidi sikumuuzia, na huyo simsahau. Bibi wa miaka 60 na kitu, kanga mbili, tabasamu. "Mwanangu, nimerejea usichana. Miaka 10 sikuona, mwezi huu naona. Nipe vile vya kuzuia, nafunga sita za baada ya Idi." Anacheka. Mimi sikucheka. Damu baada ya kukoma hedhi haizuiwi, hutafutwa inakotoka. Alinuna, akasema duka la jirani watampa. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikamshika mkono mpaka kituo cha daladala. Sijui kama alikwenda.

Haya, turudi kwa mama mkwe.

Nilimwambia ninavyo, lakini sivitoi bila cheti cha dakta, hata angekuwa mama yangu mzazi. Nikamtajia ya kuuliza: wifi amewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu? Ana maradhi ya ini? Saratani ya ziwa? Kuna damu yoyote isiyojulikana sababu? Hakika hana mimba? Norethisteroni kwa dozi kubwa sehemu yake hugeuka mwilini kuwa estrojeni, na estrojeni na safari ya ndege ya kukaa saa kadhaa bila ya kunyanyuka, kwa mwenye historia ya kuganda damu, havipatani. Nikamwambia na hili: kinaanzwa siku tatu kabla ya tarehe ya hedhi, si hedhi ikishafika. Mwaka juzi alinijia mama usiku wa kuamkia safari, na damu keshaiona asubuhi. Sikuwa na la kumpa ila dua, na kumkumbusha kwamba Bi Aisha mwenyewe aliingia hedhini njiani akiwa Hija, na Mtume (S.A.W.) akamwambia afanye yote afanyayo hujaji isipokuwa kutufu Nyumba mpaka atwaharike.

Ijumaa wifi akanitumia picha ya cheti. Dakta wa huko, namsifu, hakumpa za mwezi mzima kama wanavyoombaga. Amekaa naye akahesabu. Hedhi yake inatarajiwa tarehe 9 Mfunguo Tatu, siku ya Arafa khasa. Kwa hivyo aanze tarehe 6, mara tatu kwa siku, ipite Arafa, ipite tarehe 10 na tawafu ya nguzo, amalize tarehe 15. Vidonge 30, pakiti moja. Hedhi ikija siku mbili tatu baadaye, kwa tawafu ya kuaga mwenye hedhi amesamehewa. Akiona matone katikati, na hutokea, asiyaamulie mwenyewe, amuulize shehe wa msafara wao. Chini ya cheti dakta ameandika kwa kalamu nyengine: anywe maji, atembee ndani ya ndege.

Nimeitia kwenye bahasha, nimeandika saa za kumeza kwa Kiswahili, asubuhi, mchana, usiku, nikampa kijana wa boti. Nilipotoka bandarini simu ikaita. Mama mkwe.

"Umeshaipeleka?"

"Nishaipeleka mama, ipo njiani."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na mtu anatwanga.

"Na vya mdogo wako, jee? Mwezi unakaribia kwisha. Nimetazama kabatini, naona vimebaki vinne tu."

Kabatini. Nikataka kumuuliza ufunguo kaupata wapi.

"Cheti chake ninacho," nilimwambia. "Nitavileta kwa boti ya kesho."

"Vilete kwa jina langu," alisema. "Nitakwenda kuvipokea mwenyewe."